Mama Alibeba Maziwa Uwanja wa Ndege, Dada Yangu Alikuwa Kwenye Treni

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Ndanai. Mvua nyembamba, ile isiyomlowesha mtu mara moja lakini haimwachi mkavu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai hadi ukingoni mwa barabara.

Simu yangu ililia nikiwa nimeketi ndani ya basi, kiti cha mbele, tai shingoni, viatu vimeng'aa.

"Weldon, usitaje jina langu!"

Niliitambua sauti hiyo mara moja. Ilikuwa ya dada yangu Chepchumba... mtu ambaye saa hiyo alipaswa kuwa Doha, akisubiri kupanda ndege ya kumleta nyumbani baada ya miaka mitatu!

"Mama yuko karibu?"

"Ndiyo."

"Basi jibu ndiyo na hapana tu. Watu wengine wako?"

"Ndiyo."

"Wengi?"

Niligeuka. Basi lilikuwa limejaa. Akina mama wa kanisa na vitenge vyao vya sare, wazee wawili, ngoma, keki ndani ya boksi. Kiti cha pili, nyuma yangu kabisa, alikuwa mama yetu, Esnah, amepakata kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kama mtu aliyepakata mtoto.

"Ndiyo," nikasema.

Dada yangu akavuta pumzi.

"Weldon... siko Doha. Sijawahi kufanya kazi Doha. Nimeshuka melini sasa hivi. Niko bandarini Mombasa!"

Wasomaji wangu, mimi ni naibu mkuu wa shule. Nilisomea bweni miaka minne, mahali ambapo kitanda kilitandikwa kikanyooka kama meza na mwongo alijulikana kwa jina. Sijawahi kumdanganya mama yangu. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa najua nasikika hivyo.

Siku hiyo nilitamani mlango wa basi ufunguke nianguke nje.

Mtaelewa mkijua habari ya Kipsang.

Kipsang alikuwa kifungua mimba wetu. Alifanya kazi kwenye meli za watalii, zile zenye ghorofa kama mji. Miaka sita iliyopita kampuni yake ilipiga simu. Kijana wenu amepotea baharini, wakasema. Mwili haukupatikana. Na wakaongeza neno moja lililotuua sisi tuliobaki... kwamba alijirusha mwenyewe.

Neno hilo lilifika Ndanai kabla ya chai ya saa nne.

Kwetu, jina la mtu aliyejitoa uhai halitajwi kwa sauti. Kanisani, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, walisoma majina yote ila lake. Mama alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kwenye mvua mpaka ibada ikaisha. Jioni hiyo alituita mimi na Chepchumba.

"Maji yamekula mmoja," alisema. "Atakayepanda meli katika nyinyi wawili, asirudi kunywa maziwa mkononi mwangu."

Na sasa Chepchumba alikuwa ameshuka kwenye meli, na mama alikuwa na maziwa mkononi!

"Nilimwambia mama aje na wewe tu," dada yangu alinong'ona. "Nani amekodi basi?"

"Hapana," nikajibu, maana hilo halikuwa swali la ndiyo wala hapana.

"Ni Mama Shirley?"

"Ndiyo."

"Huyo mama atatuua!"

Mama Shirley ndiye Nyathira, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Wazazi wake walitoka Nyeri kabla hajazaliwa, lakini hakuna harusi, matanga wala maandalizi ya mgeni yanayopita Ndanai bila yeye kushika usukani. Alikuwa ameinamisha kichwa kati ya viti, masikio wima.

"Mwalimu, ni nani huyo?"

"Ni mtu anayesafiri leo," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Ngai! Hata yeye anaenda airport?"

"Ndiyo." Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Chepchumba alinieleza mpango wake harakaharaka. Teksi mpaka stesheni ya Miritini. Treni ya saa mbili asubuhi hadi Nairobi. Teksi nyingine hadi uwanja wa ndege. Ndege ya Doha ingetua saa tisa unusu, naye angekuwa amekwisha kujichanganya na abiria wanaotoka.

"Sijawahi kukudai, Weldon," akamalizia. "Leo nakudai. Nyamaza mpaka jioni."

Akakata simu.

Deni lenyewe ni hili. Nikiwa kidato cha tatu, stoo ya shule yetu ilivunjwa usiku. Mimi sikuonekana darasani saa ya masomo ya jioni, kwa hiyo nikaandikiwa wizi huo. Nilikuwa uani, kwenye ua wa michongoma, Chepchumba akiniletea habari kwamba baba yetu alikuwa mahututi, hangeuona asubuhi. Yeye alikuwa ametoroka shule yake ya bweni, kilomita tano, ili nisisikie habari hiyo kwa mgeni.

Asubuhi, nikiwa tayari kufukuzwa, mlango wa mwalimu mkuu ulifunguliwa. Dada yangu akaingia na sare yake ya shule nyingine, akasimama kando yangu, bega kwa bega.

"Mwalimu, mimi nilikuwepo," alisema. "Alikuwa na mimi."

Mimi nikabaki shuleni. Yeye shule yake ikamfukuza kwa kutoroka, na hakurudi tena darasani. Alichuma majani chai kwenye mashamba ya kampuni miaka tisa, mimi nikisoma.

Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mpaka asubuhi hiyo.

Basi likaondoka. Akina mama wakaanza kuimba. Nami nikaimba nao... nikimkaribisha mtu wa ndege aliyekuwa kwenye teksi!

Tulipofika Sotik simu ikalia tena.

"Weldon, tumekwama Changamwe! Malori yamefunga barabara yote. Dereva anasema tuombe."

"Sawa."

"Treni hainisubiri! Nikiikosa hii, inayofuata ni ya alasiri, inafika usiku!"

Nyuma yake nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi cha mwanamume.

"Uko na nani?" Nilijisahau, nikauliza kwa sauti.

"Siko peke yangu. Utamwona."

Kumbe! Miaka mitatu ya uongo, mama akipiga magoti kuiombea Doha, na sababu yenyewe ni mwanamume! Nilikata simu bila kuaga.

"Mwalimu, mbona umekasirika?" Mama Shirley tena.

"Kuna msongamano wa magari."

"Wapi? Mbona hapa barabara ni nyeupe?"

Njenga, dereva wetu, akacheka. "Mama Shirley, wacha Mwalimu. Huyo hata msongamano wa Nairobi anausikia akiwa Sotik. Ni kusoma huko!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nilimwona kwenye kioo cha dereva. Alikuwa akinitazama kisogoni.

Kaplong, ujumbe mfupi ukaingia: "Tumeingia kwenye treni. Mlango ulikuwa unafungwa."

Nilipaswa kupumua. Badala yake nilihisi kama ni mimi niliyefungiwa ndani. Yeye alikuwa na dirisha la kutazama Tsavo. Mimi nilikuwa na kisogo changu, macho ya mama yangu, na basi zima likiimba.

Bomet ikapita. Mvua ikakatika. Majani chai yakaisha, mahindi yakaanza.

Mulot tukasimama kunywa chai. Nilishuka wa kwanza, nikaenda kusimama peke yangu karibu na zizi la mnada, mahali palipokuwa na ng'ombe tu.

Mama akanifuata. Na kibuyu chake.

"Weldon."

"Mama."

"Njenga ameendesha kwa mkono mmoja tangu Kaplong. Mkono wa pili una hindi choma."

"Sikuona, mama."

"Ndiyo nasema. Wewe hukuona! Siku zote ungekuwa umemsimamisha na kumsomea sheria. Leo umekaa kimya kama mgonjwa." Akanisogelea. "Mtoto wangu yuko angani?"

Wasomaji wangu... nipeni nafasi nipumue hata sasa ninapoandika.

Upande mmoja, mwanamke aliyeniokoa. Upande mwingine, mwanamke aliyenizaa. Mmoja ameniomba ninyamaze. Mwingine ameuliza swali lenye jibu moja tu.

Ningeweza kusema, "Sijui, mama." Maneno mawili. Ni nani angejua?

Lakini nilimkumbuka msichana wa sare iliyochanika michongoma, amesimama mbele ya mwalimu asiyekuwa wake. Hakunikomboa kwa uongo. Alinikomboa kwa kusema kweli, na ile kweli ikamgharimu. Deni la namna hiyo nitalilipaje kwa uongo?

"Hapana, mama," nikasema. "Yuko kwenye treni. Ameshuka melini leo asubuhi, Mombasa. Hakuwahi kufanya kazi Doha. Na hayuko peke yake. Kuna mwanamume."

Mama hakupiga kelele. Alikibadilisha kibuyu kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Ng'ombe mmoja akalia.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Ni vizuri." Akaangalia barabara ya Narok. "Usimwambie kwamba najua."

"Mama!"

"Nitamuuliza mwenyewe, nikiwa nimeshika hiki. Nataka nisikie mdomo wake utasema nini. Ukimwonya, sitajua kamwe kama alisema kwa moyo wake au kwa woga."

"Na akisema Doha?"

"Basi maziwa nitamwaga chini, mbele ya watu wote. Na nyumbani kwangu hataingia."

Akarudi kwenye basi. Na unajua alifanya nini? Akaanzisha wimbo! Yeye, aliyekuwa kimya tangu Ndanai, sasa aliimba kuliko wote. Mama Shirley akapiga kigelegele. "Mmeona? Mama amefurahi!"

Sasa nilikuwa nimefungwa pande zote. Nimekataa deni la dada, na nimekatazwa kumwambia kwamba nimelikataa.

Tulipokuwa tukikaribia Mai Mahiu, akapiga tena. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika.

"Weldon? Tumepita Mtito... Umenyamaza?"

Mama alikuwa ameegemea kiti changu. Pumzi yake ilikuwa sikioni mwangu.

Sikujibu.

"Najua umenyamaza," akasema, na nikasikia akilia. "Wewe ndiye mtu pekee... Asante, kaka. Umenilipa."

"Chep—"

Mtandao ukakatika.

Nilipiga. Hakupatikana. Nikapiga tena. Mama akanyoosha mkono, akanigusa bega, polepole.

"Weka simu mfukoni," akasema.

Nimepigwa viboko katika maisha yangu, na wakati wetu viboko vilikuwa viboko. Hakuna kilichowahi kuniuma kama ile "asante".

Tulifika uwanja wa ndege saa nane na nusu. Askari wakatusukuma kando, wakatuonyesha mahali pa kusimama. Ngoma ikatolewa. Keki ikafunguliwa. Mama Shirley akatupanga mistari miwili kama gwaride.

Ndege ya Doha ikatua. Abiria wakaanza kutoka, wakisukuma mizigo. Mzungu mmoja akapigiwa vigelegele kwa makosa.

Kisha nikamwona.

Hakutokea mlangoni. Alitokea ubavuni, upande wa maegesho ya teksi, akiburuta sanduku, akijipenyeza katikati ya abiria. Amekonda. Nyuma yake alikuwepo mwanamume wa makamo, koti kuukuu, macho chini kama mtu anayepelekwa mahakamani.

"Amekuja na bwana!" Mama Shirley alipiga yowe. "Haki ya Mungu, amekuja na bwana!"

Vigelegele! Ngoma! Akina mama wakamzunguka.

Mama yangu akainua mkono mmoja. Wimbo ukafa.

Akasonga mbele mpaka akasimama hatua moja mbele yake. Akang'oa kifuniko cha kibuyu. Harufu ya maziwa na mkaa wa senetwet, ule mti wa kusugulia kibuyu, ikatanda.

"Umetoka wapi, lakwet, mwanangu?"

Swali la kawaida. Kila mgeni huulizwa. Basi zima lilikuwa likitabasamu.

Chepchumba alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kibuyu kilianza kuinama mkononi mwa mama... kidogo tu, kuelekea chini.

Dada yangu akanitazama. Aliniamini. Hilo ndilo lililonisukuma.

Nilitoka kwenye mstari. Nikaenda, nikasimama kando yake, bega kwa bega, uso kwa mama yetu.

"Kabla hajajibu," nikasema kwa sauti ya gwaride, watu wote wasikie, "mimi nilikuwepo. Nilijua tangu asubuhi alikotoka. Nimeimba na nyinyi njia nzima nikijua. Kama kuna adhabu, ni yetu wawili." Kisha nikamgeukia. "Na mama anajua. Nilimwambia Mulot. Sikukulipa, Chepchumba. Usinishukuru kwa kitu ambacho sikufanya."

"Weldon!" Mama alifoka. "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze, mama. Hata yeye aliniambia ninyamaze. Nimeshindwa na nyote wawili."

Mama Shirley akanong'ona, "Ni nini wanasema hawa?"

Chepchumba alifuta uso kwa kiganja. Sauti yake ilitoka nzima.

"Nimetoka baharini, mama. Miaka mitatu. Nilikudanganya. Ukimwaga maziwa, una haki. Lakini kwanza msikilize huyu."

Akamvuta yule mwanamume mbele.

"Anaitwa Omwenga. Kwao ni hapo tu ng'ambo ya Ndanai, upande wa Kisii. Alikuwa na Kipsang siku ile."

Jina hilo! Miaka sita halikuwa limetajwa mbele ya watu. Mzee mmoja alivua kofia.

Omwenga alipiga magoti kwenye saruji.

"Mama, mtoto wako hakujirusha."

Akaendelea, mikono yote miwili juu ya saruji.

"Tulikuwa na zoezi la kushusha boti za kuokolea watu. Mimi na yeye tulikuwa ndani ya boti moja. Kamba ya chuma ikakatika upande mmoja. Kipsang alinisukuma nikadaka ngazi. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja, mama. Alinipa mimi. Boti ikaenda naye."

"Kwa nini hukusema?" Mama aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Wakubwa walisema nikifungua mdomo nimekosa kazi kila meli. Nilikuwa na watoto. Nikaogopa. Miaka sita naogopa."

Chepchumba akadakia. "Ndiyo maana nilipanda meli, mama. Nilihama kutoka meli moja hadi nyingine nikiuliza mtu aliyemjua Kipsang. Nilimpata mwaka jana. Akakataa kabisa kuja kukutazama machoni. Niliposikia meli yake itatia nanga Mombasa, nikaomba kuhamishiwa humo, nikamshika mkono asinitoroke. Teksi nzima na treni nzima sikumwachilia."

Kumbe huyo ndiye "bwana" wangu wa kikohozi! Mimi, mwenye kusimamia haki shuleni, nilikuwa nimemhukumu dada yangu kwa kikohozi.

Mama akainama... na akakiweka kibuyu kinywani mwa Omwenga.

"Kunywa," akasema. "Haya maziwa yana miaka sita yakimngoja mtu wa kutoka majini."

Omwenga akanywa, akilia, maziwa yakimtiririka kidevuni. Mama akamgeukia Chepchumba, akamnywesha. Kisha akajaza kinywa chake, akatunyunyizia vifuani, baraka ya kwetu, mimi na tai yangu pamoja.

"Hiyo Doha yako," akamwambia binti yake, "tutaiongea nyumbani. Usifikiri nimesahau."

Mama Shirley ndiye aliyeanza kulia kwa sauti. Halafu ndiye aliyeanzisha wimbo. Safari hii waliimba jina la Kipsang.

Kesho yake, Jumapili, jina hilo lilisomwa kanisani. Mama hakutoka nje.

Wasomaji wangu, funzo langu ni fupi. Mtu akikuokoa kwa kusema kweli, usimrudishie kitu cha bei ya chini kuliko hicho. Kunyamaza ni rahisi. Nenda usimame kando yake, mahali ambapo adhabu itawafikia nyote.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Chepchumba shambani kwa mama, kikapu mgongoni, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi kana kwamba hakuwahi kuondoka. Nilisimama kwenye mstari na viatu vyangu vya shule.

"Nimekuja kuuliza habari ya deni," nikasema.

"Deni gani?"

"Uliniomba ninyamaze. Nilikataa. Bado unanidai."

Hakugeuka. Alitupa konzi ya majani ndani ya kikapu.

"Siku ile ofisini kwa mwalimu wenu nilifanya nini, Weldon? Nilinyamaza?"

"Hapana. Ulikuja ukasimama kando yangu."

"Na wewe juzi ulifanya nini?"

Nikachuma jani moja, nikalitupa kikapuni mwake.

"Basi umelipa," akasema. "Tumemalizana. Sasa toka kwenye mstari, unanikanyagia chai."